Dakika Mbili za Hijazi kwenye Kinanda

Weka kidole gumba cha mkono wa kulia kwenye kibonyezo cha D, kisha panda taratibu: kibonyezo cheusi cha E-flati, ruka hadi cheusi cha F-shapu, halafu G. Ni sauti nne tu, lakini mtu aliyekulia Likoni, Kisauni au Changamwe akizisikia hatauliza zimetoka wapi. Amezisikia harusini, amezisikia kwenye taarabu ya redioni, amezisikia katika kasida za maulidi. Wanamuziki wa taarabu huyaita maqamu hayo Hijazi. Mtoto huyo huyo akianza kufundishwa kinanda, mara nyingi hupewa kwanza skeli ya C meja na vijiwimbo vya watoto wa Uingereza, na huenda miaka mitano ikapita bila vidole vyake kugusa hata mara moja kile ambacho masikio yake yanakijua tangu utotoni. Makala haya yanatetea njia nyingine. Vipande vifupi vya piano vilivyojengwa juu ya maqamu na skeli za Pwani vinafaa kuwa mlango wa kwanza wa mwanafunzi wa kinanda wa Mombasa bara, na umbo la vipande hivyo halihitaji kuagizwa kutoka popote, kwa kuwa tunalo tayari katika taksimu.

Tuelewane kwanza kuhusu kitu chenyewe. Muziki mwingi unaofundishwa kwenye piano umesimama juu ya kodi zinazofuatana: kodi moja inaondoka nyumbani, ya pili inaleta mvutano, ya tatu inarudisha nyumbani, na msikilizaji anangojea kurudi huko. Kipande cha maqamu hakitegemei safari hiyo. Kina sauti chache zilizochaguliwa, mojawapo ndiyo makao, na kazi ya mpigaji ni kuonyesha kila sauti inahusiana vipi na makao hayo: ipi inavuta chini, ipi inakubali kupumzikiwa, ipi hupitwa haraka. Mkono wa kushoto unaweza kushikilia D na A kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kubadilisha chochote, na muziki ukakamilika. Ndiyo maana vipande vya aina hii huwa vifupi. Maqamu yakishajieleza yamejieleza, na kurefusha ni kurudia yale yale. Ufupi huo pia unamfaa anayeanza, kwa sababu dakika mbili anaweza kuzishika zote kichwani, akajua aliko wakati wowote, akasikia mwenyewe alipokosea.

Sasa taksimu. Katika taarabu ya kale, kabla ya mwimbaji kufungua kinywa, mpiga udi, kanuni au fidla hupewa nafasi ya kutembea peke yake ndani ya maqamu ya wimbo unaokuja. Hakuna ngoma, hakuna mapigo ya kuhesabiwa. Mpigaji huanzia chini, kwenye makao, akazungukazunguka sauti tatu nne za kwanza mpaka msikilizaji azizoee. Kisha hupanda hadi sauti ya nne au ya tano, akakaa hapo, akagusa pengine maqamu ya jirani ili kuonyesha tofauti, akafika juu kabisa, halafu akashuka kwa utulivu mpaka makao tena. Aliyesikiliza kanda za Zein l'Abdin, fundi wa udi aliyezaliwa Lamu, akafanya kazi yake Mombasa kwa miaka mingi na kufariki 2016, anajua jinsi taksimu fupi inavyoweza kubeba uzito wa wimbo mzima. Hii ndiyo ramani ya kipande kifupi cha maqamu kwa chombo kimoja. Anayeuliza tutapata wapi mfano wa kuandikia piano, mfano ndio huo, na umekuwa ukipigwa katika mwambao huu tangu kabla ya klabu ya Ikhwani Safaa kuanzishwa Zanzibar mwaka 1905.

Na tukiangalia kwa makini, piano iko karibu na udi kuliko watu wanavyodhani. Fidla inaweza kuvuta sauti moja mpaka uta uishe, na zumari inaweza kuvuma muda wote pumzi ikiruhusu. Udi haiwezi. Uzi ukishapigwa kwa risha, sauti inaanza kufa papo hapo, na ndiyo sababu wapiga udi wamebuni njia za kuihuisha: kurudia sauti ile ile kwa haraka, kuizungushia sauti za jirani, kugonga uzi wa chini kila baada ya sentensi ili makao yasisahaulike. Piano nayo hupigwa kwa nyundo, na sauti yake hufa vivyo hivyo. Kila mbinu ya udi niliyoitaja ina nafasi yake chini ya vidole vya mpiga piano. Tena piano ina kitu ambacho udi hukitamani: pedali inayoacha nyuzi zote ziendelee kuvuma, hivyo D ya chini iliyopigwa mwanzoni mwa sentensi inaweza kubaki hewani huku mkono wa kulia ukisimulia juu yake.

Jinsi kipande kinavyoweza kujengwa si siri. Chukua Hijazi ya D: D, E-flati, F-shapu, G, A, B-flati, C, halafu D ya juu. Sentensi ya kwanza isivuke G, na iishe kwenye D. Ya pili ianze na sauti zile zile lakini isimame kwenye G, ili sikio lijue kwamba kuna mahali pengine pa kupumzika. Hapo kati ya E-flati na F-shapu pana pengo kubwa la toni moja na nusu, na pengo hilo ndilo linaloipa Hijazi uso wake; mwanafunzi asilijaze kwa sauti yoyote na asilikimbilie. Sentensi ya tatu ipande hadi A na B-flati, iguse C, ipumzike. Ya nne ifike D ya juu, ikae hapo kwa kurudiarudia, halafu ianze kushuka. Katika kushuka, mkono wa kushoto, ambao muda wote umekuwa ukigonga D na A kwa nadra, unyamaze kidogo ili kurudi kwa D ya chini kusikike. Mwanafunzi aliyejifunza kinanda kwa miezi michache anaweza kukipiga kipande hicho. Atakayekipiga vizuri, kwa kuzipa pumzi sentensi zake, anahitaji miaka zaidi, na huo ndio mtihani wa kweli wa kipande chepesi: anayeanza akiweze, na fundi asikichoke.

Anayeona hili ni nadharia tu atazame kaskazini mwetu, Ethiopia. Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou alizaliwa Addis Ababa mwaka 1923. Akiwa mtoto alipelekwa Uswisi kusoma, akajifunza fidla na piano. Baadaye alifundishwa Cairo na mpiga fidla wa Poland, Alexander Kontorowicz. Njia ya kuwa mpigaji wa jukwaani Ulaya ilipofungika, aliingia utawa na kuishi miaka kadhaa katika monasteri ya mlimani, mbali na piano. Aliporejea kwenye chombo hicho alitunga vipande vya piano pekee, vingi vyao vikiwa vya dakika chache, na sahani yake ya kwanza ilitoka 1967, mapato yakielekezwa kusaidia wahitaji. Dunia pana ilimjua zaidi baada ya 2006, muziki wake ulipokusanywa katika toleo la 21 la mfululizo wa Éthiopiques. Alifariki Jerusalem Machi 2023, akiwa na miaka 99. Kilicho muhimu kwetu ni alichokifanya kwa mikono yake. Muziki wa nyanda za juu za Ethiopia umesimama juu ya skeli za sauti tano, zenye majina kama tizita, bati, ambassel na anchihoye. Emahoy alikuwa na mafunzo kamili ya Kizungu, lakini katika vipande vyake vingi mkono wa kulia unaimba ndani ya skeli hizo, ukipambwa kama mwimbaji wa kanisa la Kiethiopia anavyopamba sauti, na mkono wa kushoto unausindikiza kwa utulivu. Hakuna anayemsikiliza akadhani anaiga. Piano ile ile iliyotengenezwa kwa ajili ya muziki wa Ulaya ilizungumza kwa lafudhi ya kwao, bila kubadilishwa hata uzi mmoja.

Skeli hizo haziko mbali na za majirani zetu. Vibonyezo vyeusi vitano vya kinanda, ukianzia F-shapu na kupanda, vinakupa skeli ya sauti tano inayolingana na tizita ya aina ya meja. Mtoto wa miaka sita anaweza kuambiwa asiguse kibonyezo cheupe hata kimoja, na kila atakachokipiga kitakuwa ndani ya skeli hiyo. Changamwe, kwa watu wake waliofuata kazi za reli, bandari na viwanda kutoka kila pembe ya Kenya, nyumba moja inaweza kuwa na kumbukumbu ya nyatiti ya Waluo yenye nyuzi nane, ya pili mwazindika wa Taita, ya tatu nyimbo za Wakamba. Likoni inapakana na Kwale, na Wadigo wana sengenya, ambamo zumari hubeba uimbaji juu ya ngoma, upatu na kayamba. Wanayo pia chivoti, filimbi ya kulazwa. Kisauni wako Wagiriama na mwanzele wao, na jirani hapo ndipo palipokuwa Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana wa CMS (Church Missionary Society) mwaka 1875, ambako tenzi za kanisani ziliingia mapema katika masikio ya watu wa bara. Hayo yote ni malighafi. Mwalimu wa kinanda wa Mombasa bara hana upungufu wa skeli; ana zaidi ya anazoweza kuzimaliza.

Ulaya nako kuna ushahidi, na inafaa kuutaja kwa sababu wapo wanaodhani kwamba kufundisha piano kwa maqamu ni kuiacha njia kuu. Béla Bartók wa Hungaria, aliyeishi 1881 hadi 1945, alikuwa mpiga piano wa kiwango cha juu na mkusanyaji wa nyimbo za vijijini. Kati ya 1926 na 1939 alitunga Mikrokosmos, vipande 153 vya piano katika vitabu 6, kuanzia vya mtoto ambaye ndiyo kwanza anaweka vidole hadi vya mpigaji wa jukwaani. Vitabu viwili vya kwanza alimtolea mwanawe Peter. Vipande kadhaa humo vimepewa majina ya skeli za kale kama dorian, phrygian, lydian na mixolydian, na kila kimoja kati ya hivyo huchukua dakika moja hivi. Bartók hakungoja mtoto akomae ndipo amwonyeshe kwamba dunia ina skeli zaidi ya meja na maina. Aliliweka jambo hilo mwanzoni, kwa imani kwamba sikio la mtoto bado liko wazi. Kazi yake ilipita ukumbini ikaingia madarasani, na hadi leo inafundishia piano katika nchi nyingi.

Bartók huyo huyo anatuleta kwenye pingamizi kubwa kuliko yote, na lenye haki ya kujibiwa kwa urefu. Alikuwa amekwenda Biskra, Algeria, mwaka 1913 kukusanya muziki wa Waarabu wa huko, na mwaka 1932 alikuwa miongoni mwa wageni walioalikwa Cairo kwenye Kongamano la Muziki wa Kiarabu, lililofanyika chini ya Mfalme Fuad. Hapo palizuka mvutano mkali kuhusu piano. Baadhi ya wajumbe wa Misri waliitaka, wakiona ni chombo cha maendeleo. Wataalamu kadhaa wa Ulaya waliikataa, wakihofu kwamba itaua kile walichokuja kukisikiliza. Sababu ya hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Piano imegawa oktavu vipande 12 vilivyo sawa, na kilicho katikati ya vipande hivyo hakipigiki. Maqamu ya Rasti yanataka E iliyo chini ya E ya piano kwa kama robo toni, na juu ya E-flati. Bayati inaitaka sauti hiyo hiyo, tena kwenye hatua yake ya pili, mahali ambapo kila msikilizaji ataisikia. Sika inaanzia juu ya sauti hiyo. Mpigie mpenda taarabu Bayati kwenye piano ya kawaida, kwa E au kwa E-flati, na atakunja uso mara moja. Yuko sahihi kukunja uso. Umempa kitu kingine na kukiita kwa jina lisilo lake.

Lakini pingamizi hilo linathibitisha jambo moja tu, kwamba si kila maqamu yanafaa piano. Halithibitishi kwamba hakuna yanayofaa. Nahawandi inapigika kikamilifu kwenye vibonyezo 12: ukianzia C, ni C, D, E-flati, F, G, A-flati, na B ukipanda au B-flati ukishuka. Kurdi inapigika. Ajamu, ambayo sauti zake zinalingana na meja ya Wazungu, inapigika. Nikrizi na Nawa-athari, zenye mapengo makubwa yanayofanana na ya Hijazi, zinapigika. Hijazi nayo, ingawa mafundi wengi wa udi huisogeza E-flati juu kidogo na F-shapu chini kidogo ili pengo lipungue ukali, hubaki Hijazi inayotambulika piano inapoipiga. Hapa uaminifu unahitajika: mwalimu amwambie mwanafunzi kwamba Hijazi ya piano ni kali kidogo kuliko ya udi, amsikilizishe zote mbili, aliache sikio lake lijue tofauti. Mtoto aliyeelezwa hivyo atakuwa amejifunza kuhusu robo toni mambo mengi kuliko yule ambaye hakuguswa na maqamu hata kidogo kwa kisingizio cha kuyalinda.

Tena tusisahau kanuni. Chombo hicho kinachoheshimiwa sana katika taarabu ya kale nacho kina nyuzi zilizofungwa kwa sauti maalumu; mpigaji hawezi kuitelezesha sauti kama mpiga fidla. Mafundi walitatua tatizo kwa kuweka vijichuma vidogo pembeni mwa nyuzi, ambavyo mpigaji huviinua au kuvishusha kabla ya wimbo au hata katikati yake, ili kubadilisha sauti kwa chini ya nusu toni. Vinanda vingi vya umeme vya leo vinafanya kazi hiyo hiyo kwa kitufe. Kampuni kama Yamaha na Korg zimetengeneza vinanda kwa ajili ya soko la Waarabu ambavyo kila kibonyezo kinaweza kushushwa robo toni, na hata baadhi ya vinanda vya kawaida vina nafasi hiyo iliyofichwa ndani ya mipangilio yake. Mwenye kinanda kama hicho anaishusha E na B robo toni, na Rasti inafunguka. Kwa hiyo mgawanyo wa kazi uko wazi: Hijazi, Nahawandi, Kurdi, Ajamu na jamaa zao zianze kwenye chombo chochote, piano ya nyundo au kinanda cha umeme; Rasti, Bayati na Sika zingojee kinanda kinachoweza kurekebishwa, na zisilazimishwe kabla ya hapo.

Hata hali ya hewa yetu inaelekea huko. Piano ya nyundo haipendi pwani. Chumvi ya bahari inakula nyuzi, unyevu unavimbisha mbao na kulegeza vigingi, na chombo kilichosawazishwa mwezi huu kinaweza kuwa kimepotoka kabla ya mvua za vuli kwisha. Ndiyo sababu kinanda cha umeme kimeenea makanisani, kwenye vikundi vya harusi na majumbani kutoka Mtongwe hadi Mshomoroni, na piano zenyewe ni chache. Wapo wanaolihesabu hili kuwa umaskini. Kwa ajili ya maqamu ni bahati njema, maana chombo kilicho mikononi mwa watu wa kawaida ndicho kinachoweza kushushwa robo toni bila fundi.

Pingamizi la pili ni la asili: kwamba piano si yetu, na kuipigia maqamu ni kuyavisha nguo ya mgeni. Historia ya taarabu yenyewe haiungi mkono hoja hiyo. Fidla ilitoka Ulaya, ikaingia ikawa nguzo. Akodiani ilitoka Ulaya. Mombasa na Lamu wanamuziki waliichukua taishokoto, chombo cha Kijapani kilichobuniwa mwanzoni mwa karne ya 20, chenye nyuzi zinazobanwa kwa vitufe kama vya taipureta, wakaifanya ilie kama mtu wa hapa. Taishokoto ni chombo cha vibonyezo, chenye sauti 12 zilizofungwa, ni kama binamu mdogo wa piano katika jambo hili, na hakuna mzee wa Mombasa atakayekwambia iliiharibu taarabu. Kisha ogani ya umeme ikaingia katika vikundi vya mjini. Hadi Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, anakwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani, muziki wa mwambao ulikuwa tayari umezoea kuchukua chombo cha mtu na kukisemesha Kiswahili. Wanaouliza kama piano inaruhusiwa wanauliza swali ambalo vizazi vilivyotangulia vililijibu kwa vitendo.

Wazazi wana pingamizi la mtihani, nalo ni la haki. Anayelipia masomo anataka cheti, na mitihani ya ABRSM ya Uingereza, ambayo wanafunzi wengi wa piano nchini hufanya, inadai skeli za meja na maina na vipande vilivyochaguliwa. Hakuna anayeomba iachwe. Nahawandi ya C ni ndugu wa karibu sana wa C maina inayotakiwa na watahini. Ajamu ni meja. Mwanafunzi aliyezipiga kwa umbo la taksimu amekwisha kuzifahamu skeli hizo kwa ndani kabla hajaanza kuzikimbiza kupanda na kushuka kwa ajili ya mtahini. Kinachobadilika ni mpangilio tu, yaani kipi kitangulie.

Pana jambo jingine linalohitaji adabu. Zipo familia za Kiislamu huku bara zisizopenda watoto wao wajifunze ala za muziki, na msimamo huo ni wa dini yao, hautakiwi kubishaniwa gazetini. Kisomo cha Qurani na adhana vina sheria zake na heshima yake, na havifai kuchukuliwa kuwa kitini cha somo la kinanda, hata pale ambapo sikio linatambua mapito yanayofanana. Mwalimu mwenye busara atachukua mifano yake kutoka taarabu, sengenya, mwanzele na nyimbo za kubembelezea watoto, na hatapungukiwa.

Nimetaja nyimbo za kubembelezea watoto kwa makusudi. Wimbo wa taifa la Kenya, uliotayarishwa mwaka 1963 na kamati ya Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, umechukua uimbaji wake kutoka kwa wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, kule Mto Tana. Kamati hiyo haikuutafutia uimbaji huo sura ya meja yenye kushangilia kama zilivyo nyimbo nyingi za mataifa. Waliuacha katika maina yake, wakaupangia sauti nne. Kila Mkenya aliyepita shuleni ameimba, bila kufikiria, ushahidi kwamba kiimbo kifupi cha Pwani kinaweza kubeba uzito mkubwa kikipangwa na watu wanaokiheshimu. Senoga-Zake aliendelea kukusanya, na kitabu chake kuhusu muziki wa asili wa Kenya kilitoka 1986. Zanzibar nako, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kimekuwa kikifundisha taarabu na maqamu kwa noti tangu 2002, jambo linaloonyesha kwamba kuandika hakuui muziki huu, mradi anayeandika anajua kinachobaki nje ya karatasi.

Kuandika ndiko kunakobaki, na kuandika kunaleta swali la mali. Uimbaji wa zumari wa sengenya ukipangwa kwa piano na kuchapishwa, ni wa nani? Kenya ina sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na usemi wa kitamaduni, inayotambua haki za jamii juu ya vitu vyake, na anayepanga vipande vya namna hii anapaswa kuisoma kabla hajashika kalamu. Lakini hata pasipo sheria, utaratibu wa haki unajulikana. Chini ya kila kipande kiandikwe uimbaji umetoka jamii gani, umesikiwa kijiji gani, kwa ruhusa ya nani, na kipi ndani yake ni cha mpangaji. Pale penye sauti ambayo piano haiwezi kuifikia, iwekwe alama, na pembeni ielezwe kwa Kiswahili sauti hiyo inakaa wapi, ili mwanafunzi akikutana na mpiga udi au mpiga zumari amwombe amsikilizishe. Kijitabu cha vipande 12 kinatosha kuanzia: vitatu vya Hijazi, vitatu vya Nahawandi, viwili vya Kurdi, vinne vya sauti tano kutoka kwa Wadigo, Wagiriama na majirani zao, kila kimoja ukurasa mmoja, noti za stafu juu na do-re-mi chini yake kwa ajili ya walimu wa kwaya wanaoijua zaidi hiyo. Kazi kama hiyo inaweza kufanywa na mwalimu wa kinanda, fundi mmoja wa udi na mzee mmoja wa zumari wakikaa pamoja, mwalimu akiandika na wale wawili wakimrudisha kila anapoteleza.